Shukrani Zinazoua Mashine

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Mungu ni mwema! Amandine amekubali. Mimi Rénovat, fundi wa mashine katika redio yetu ndogo hapa Kasenga, mjini Uvira, kando ya ziwa, nitaoa! Namshukuru Mungu, namshukuru Amandine, nawashukuru hata mbwa wa jirani waliobweka usiku kucha, maana sikuwa nimelala hata hivyo. Kimebaki kitu kimoja tu. Baba yake.

Amandine alipanda kwao Rurambo, mlimani, kumweleza mzee. Mzee Protais alimsikiliza huku akikamua ng'ombe, kisha akauliza Rénovat gani. Akasema akina Rénovat wako wengi, huyu hajawahi kumsikia popote.

Hajanisikia! Na huko mlimani watu wanasikia nini? Redio yetu. Na kwenye redio yetu wanangojea nini? Komunike, matangazo ya watu. Nani amefariki, nani amepoteza kadi, mbuzi wa nani haonekani. Lakini tamu kuliko zote ni komunike za shukrani. Familia ikimaliza kilio, inawashukuru hewani wote waliosaidia, jina kwa jina. Aliyeleta maharage, aliyeazima viti, aliyechimba kaburi. Ukitajwa, wewe ni mtu. Usipotajwa, watu wanauliza ulikuwa wapi.

Basi nimepata akili. Komunike zote zinaandikwa kwenye seva yangu, kompyuta ya Unix tuliyoachiwa na mradi fulani ulipofunga ofisi. Skrini nyeusi, herufi za kijani, hakuna kipanya. Matumbo yake nayajua mimi peke yangu. Nimeingia kwenye mipangilio ya ile programu ya kuandikia, nikatia amri ndogo. Kila komunike yenye neno "shukrani" ikifunguliwa, mashine yenyewe iongeze mwishoni: "Familia inamshukuru pia Bwana Rénovat kwa moyo wake wa kujitoa."

Jioni Thierry, msomaji wetu, akasoma shukrani za familia moja ya Kalundu. Jina langu likatoka hewani! Familia yenyewe siijui hata kidogo. Machozi yalinitoka. Watu wazuri sana.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Umaarufu! Mama anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, ameniita kwa jina na kuniongezea konzi moja. Aksanti mama.

Tatizo dogo. Léocadie, dada anayechapa komunike, huwa anafungua maandishi tena na tena kusahihisha. Kila akifungua, mashine inanishukuru upya. Leo Thierry amesoma shukrani za mjane mmoja, na mwishoni nikashukuriwa mara nne mfululizo. Thierry hasomi kwa akili, anasoma kwa sauti tu. Mjane akapiga simu akauliza huyu Rénovat ni nani aliyefanya kazi kuliko padri.

Mama Pétronille, Directrice anayeongoza redio yetu, akaniita ofisini. Nikamwambia labda ni Rénovat mwingine. Wako wengi! Hata Mzee Protais amesema.

Nimerekebisha. Sasa amri inafanya kazi mtu anapohifadhi, si anapofungua. Akihifadhi, mashine ifute mstari wa zamani, iandike mstari mmoja mpya, kisha ihifadhi. Mstari mmoja, heshima moja. Sikuijaribu kwa sababu ilikuwa saa ya kula na Thierry alikuwa ameleta mukeke wa kuchoma. Samaki huyo hangojei mtu.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Maafa! Programu ya kuandikia imekufa!

Léocadie alichapa shukrani za familia moja ya Mulongwe, vizuri kabisa. Alipohifadhi, skrini ikaganda, feni ikapiga kelele, halafu programu ikaanguka puu na maandishi yote yakapotea. Akaanza tena. Ikafa tena. Akaniita kwa nguvu mpaka mtaa mzima ukasikia: "Weye Rénovat! Mashine yako iko inakufa!"

Cha ajabu, komunike ya mbuzi aliyepotea inapita. Ya mazishi inapita. Ya mtu aliyeokota cheti cha shule, inapita bila shida. Inakufa kwenye shukrani tu. Nikamweleza Mama Pétronille kwamba ni betri za umeme wa jua, zimezeeka. Akaniuliza betri inajuaje kutofautisha mbuzi na shukrani. Huyu mama ana maswali!

Thierry akasema basi asome kutoka kwenye karatasi ya mkono. Mama Pétronille akagonga meza. Hapana! Sheria ni sheria. Mwaka juzi Thierry alisoma karatasi ya mkono, akaruka mstari, akamtangaza kuwa marehemu Papa Hyacinthe aliyekuwa ametoa viti tu. Wakwe zake wakavuka mpaka kutoka Bujumbura wakilia barabara nzima, wakamkuta anakula bugali. Tangu hapo hakuna kinachosomwa ila kilichotoka kwenye mashine, kimechapwa na kupigwa muhuri. Sheria nzuri, mimi mwenyewe niliipigia makofi.

Nani ameharibu mashine yangu? Nina mtu mmoja kichwani. Sauti yake inafahamika mpaka ng'ambo ya ziwa, na sasa jina langu linaanza kufahamika pia. Wivu! Lakini namshukuru kwa ule mukeke, ulikuwa umeiva vizuri.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Mzee Protais ameshuka! Yeye mwenyewe! Pikipiki ikamwacha mlangoni petu, kofia kichwani, fimbo mkononi. Amekuja kuandikisha shukrani za kilio cha mama yake, yaani bibi yake Amandine, aliyezikwa mwezi uliopita. Nilikimbia nikavaa koti la Thierry bila kuomba. Linanibana makwapani.

Mzee akaketi karibu na Léocadie, akaanza kutaja. Pole pole, kila jina na wema wake. Nani alileta maziwa, nani alibeba jeneza kwenye mteremko, nani alilaza wageni. Mimi nilikuwa chini ya meza nimeshika waya, nionekane niko kazini. Léocadie akafika mwisho, akahifadhi. Skrini ikaganda. Kelele ya feni. Puu! Majina yote, kwaheri.

Mzee akainama akanitazama pale chini, muda mrefu. Akaniuliza kwa upole: "Kijana, weye iko unatafuta nini huko?" Nikajibu natafuta tatizo, baba. Akasema pole. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze na koti la watu.

Hakukasirika! Akasema ataanza upya, na Léocadie aandike kwanza kwa mkono, atachapa mashine ikipona. Sikuweza kuvumilia. Nikasema naenda kukagua paneli za jua, nikapanda juu ya paa, nikakaa huko kwenye mabati ya moto mpaka nikaona pikipiki yake inaondoka.

Jioni Amandine akanipigia simu. Komunike ya baba yake lazima isomwe Jumapili mchana. Mashangazi wote wako Rurambo, wanataka kusikia majina yao wakiwa pamoja, na Jumatatu wanavuka kurudi Burundi. Kwao, kilio hakijafungwa kabla shukrani hazijasomwa, na kilio kisipofungwa, hakuna mgeni wa kuposa anayepokelewa. Jumapili ikipita, ni mpaka mashangazi wakutane tena, mwakani, kwenye kumbukumbu ya marehemu. Mwakani! Amandine hakunilaumu. Alisema ananiamini. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Leo nimepigana na mashine kama mwanamume.

Kwanza nikafikiri diski imejaa. Nikaifagia. Nikafuta nyimbo nyingi zilizokaa humo bila kazi. Kumbe ni nyimbo za kipindi cha Thierry cha asubuhi! Akaingia hewani, akaahidi wasikilizaji kwaya motomoto, akabonyeza, kimya. Ikabidi aimbe mwenyewe. Anaimba vibaya sana. Nilicheka kidogo, halafu nikajuta, halafu nikacheka tena.

Pili, nikaiondoa programu nzima, nikaipandikiza upya. Nikachapa neno moja tu la kujaribu: shukrani. Nikahifadhi. Puu! Ikafa.

Tatu, nikafungua seva na kupuliza vumbi. Nikapata mjusi. Nikafurahi, nikadhani ndiye. Nikamtoa nje kwa heshima. Nikajaribu tena. Puu. Mjusi hakuwa na kosa, nilimsingizia.

Nne, nikamshtaki Thierry mbele ya Mama Pétronille. Nilisema flash yake imeleta virusi. Thierry akasema hana flash, ilishaibiwa sokoni tangu Pasaka. Mama Pétronille akatuamuru tupeane mikono.

Lakini watu hawa! Nimeharibu wiki yao yote, na Mama Pétronille ameniletea chai na mandazi kwa mkono wake. Léocadie amesema atakuja kesho, siku yake ya kufua nguo, achape nikishatengeneza. Hata Thierry, baada ya kunikunjia uso, alinisogezea nusu ya bugali na sombe yake ya majani ya muhogo. Akasema mtu mwenye njaa hatengenezi kitu. Nilikula nimeinamisha kichwa. Sistahili watu kama hawa, nasema kweli.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Basile! Mungu ambariki Basile na nyumba yake yote!

Tulisoma pamoja, sasa anachunga mashine za watu huko Bujumbura. Asubuhi nilimwandikia kwa simu nikimweleza yote, isipokuwa mambo yasiyomhusu. Akajibu kwa ufupi. Ianzishe programu uchi, bila mipangilio yoyote. Ikiishi, programu haina kosa, mwenye kosa ni mipangilio.

Nikaianzisha uchi. Nikachapa: shukrani. Nikafumba macho. Nikahifadhi.

Hai! Hai kabisa! Nilimkumbatia Léocadie, nikamkumbatia Thierry, nikataka kumkumbatia Mama Pétronille, akanipa mkono.

Basi mwenye kosa ni mipangilio. Mtu ameigusa! Nikatangaza mbele ya wote kwamba leo mhalifu atajulikana, maana mashine inaweka jina la kila anayegusa. Nikauliza mashine. Ikajibu: Rénovat, Jumanne, saa ya kula.

Nikapiga kelele kwamba mtu ameiba jina langu! Nikamtazama Thierry. Thierry akasema Jumanne saa ya kula alikuwa anageuza mukeke kwenye makaa, na mimi nilikuwa ndani. Hapo nikaukumbuka ule mukeke. Na haraka yangu. Na ile amri.

Nikaisoma. Ee Mungu wangu. Niliiambia mashine: mtu akihifadhi, andika mstari wa kumshukuru Rénovat, kisha hifadhi. Inapohifadhi, inaikumbuka amri, inafuta, inaandika mstari, inahifadhi. Inaikumbuka tena. Inafuta, inaandika, inahifadhi. Maskini imekuwa ikinishukuru bila kupumua mpaka kumbukumbu inajaa na inaanguka. Hakuna mtu aliyewahi kushukuriwa hivyo katika Uvira nzima.

Nikafunika skrini kwa mwili wangu. Nikawaambia ni hitilafu ya kawaida ya mipangilio, inatokea hata Ulaya. Wakaenda kupumzika kivulini.

Nikabaki peke yangu. Nilijaribu kuirekebisha ili mstari ubaki na mashine isife. Ikafa. Nikajaribu namna nyingine. Ikafa. Na Jumapili ni kesho. Hapo nikaelewa kwamba sina budi kuchagua: jina langu lisikike Rurambo, au mzee afunge kilio cha mama yake. Moyo uliniuma, sitaficha. Mashangazi wote wangekuwa wanasikiliza redio! Sitapata tena nafasi kama hiyo. Lakini nikamkumbuka mzee alivyoniambia pole, na majina yake yote yamekwisha kumpotea mara moja. Nikaifuta amri. Nzima. Nikamwita Léocadie, akachapa karatasi yote bila kusimama, akahifadhi. Ikatoka. Ikapigwa muhuri. Sikuisoma, sikuwa na nguvu. Nilikwenda nyuma ya ofisi nikanawa uso.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Nilisikilizia studio, nimeketi sakafuni karibu na mlango.

Thierry alisoma vizuri. Lazima niseme. Hakuruka mtu. Mashangazi wote, mmoja mmoja. Majirani, kwaya, wabebaji, waliotoa maziwa. Nikahesabu kwa vidole mpaka vikaisha. Nilifurahi kwa ajili ya mzee, na nilikuwa na huzuni kidogo kwa ajili yangu.

Halafu Thierry akasoma, na sauti yake ikabadilika, maana hata yeye hakutegemea: "Na mwisho, familia inamshukuru kijana mmoja wa redio ya Kasenga, ambaye siku ya mazishi alipanda kututengenezea kipaza sauti, kipaza sauti kikakataa kabisa, yeye akaona haya kurudi, akabaki akiosha masufuria pamoja na akina mama mpaka jioni. Hatukumjua jina. Alhamisi tumemkuta chini ya meza, tukamtambua. Anaitwa Rénovat. Mungu amkumbuke."

Nilikuwa nimesahau yale masufuria. Hapana, nilikuwa nimejikaza nisahau, kwa aibu ya kile kipaza sauti. Masizi yalinikaa kwenye kucha wiki nzima.

Léocadie akaniambia baadaye. Mara ya kwanza mzee alipotaja majina, mimi sikuwemo. Ni mashine ilipokufa, akainama, akaniona, akamuuliza jina langu, na alipoanza upya akaniongeza. Nimelia mbele ya Thierry. Ameniachia leso yake niende nayo. Aksanti Mungu. Aksanti mzee. Aksanti akina mama wa Rurambo na masufuria yao makubwa.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Kilio kimefungwa! Mzee Protais ametuma ujumbe: nije Jumamosi na watu wangu, tutapokelewa. Amandine amecheka kwenye simu mpaka salio likaisha.

Nimewaomba wenzangu wanisindikize, wote wamekubali. Thierry atakuwa msemaji wetu, kwa sauti ile hakuna mzee wa kukataa. Léocadie atabeba vitenge vya akina mama wa Rurambo. Mama Pétronille atabaki kulinda redio peke yake, na mashine itapiga nyimbo yenyewe mpaka saa ya komunike. Amenikabidhi hata koti la marehemu mume wake. Linanitosha!

Nimetafakari sana kuhusu wiki hii. Nimeona nilipanga vizuri. Nisingetia ile amri, mashine isingekufa; isingekufa, mzee asingeniona. Ni hesabu tu.

Na nimepata akili. Mzee anapenda wimbo mmoja wa kusifu ng'ombe, Amandine ameniambia. Nimeipa mashine amri: Jumamosi, saa nne ya asubuhi, wakati tumeketi mbele ya mzee, upigwe wenyewe, kama ajabu. Amri fupi sana. Wimbo ukiisha, irudi mwanzo wa ratiba. Mwanzo wa ratiba ni huo wimbo, lakini sidhani kama inaleta shida. Nitaijaribu nikirudi.

Jumamosi, tarehe 22 Juni, Rurambo

Naandika nyuma ya zizi, haraka.

Tumepokelewa vizuri ajabu. Maziwa, viazi, maharage, mabibi wanapiga vigelegele. Akina mama wa masufuria wamenikumbatia. Thierry amezungumza mpaka mzee akafuta macho. Mzee akasema amesikia, na kwamba mtu anayebaki kuosha vyombo wakati angeweza kukimbia, huyo anaweza kupewa binti. Sijui nitawalipa nini watu hawa kwa wema huu.

Saa nne ikafika. Redio ya mzee iliyotundikwa kwenye nguzo ikaanza ule wimbo. Mzee akashtuka, akasimama, akainua mikono miwili juu kama pembe, akacheza! Wote wakacheza. Nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa milima hii.

Ukaisha. Ukaanza tena. Mzee akacheza tena, pole pole kidogo. Ukaisha, ukaanza. Mzee akaketi. Sasa saa ya komunike imepita, wimbo bado uko hewani, na mlima mzima unangoja kusikia nani amefariki. Majirani wameanza kuja mmoja mmoja kuuliza kama Directrice amepatwa na neno. Simu yangu inatetemeka. Ni yeye. Ameshapiga mara nyingi.

Mzee amemuuliza Thierry nani kati yetu anajua mashine. Thierry na Léocadie wamenionyesha kwa kidole, wote wawili, bila hata kufikiri. Mzee akaniita akasema binti ni wangu, neno lake halirudi, lakini kwanza huyo ng'ombe anyamaze.

Nimemjibu hakuna shida, baba, dakika moja tu. Nikajificha huku nyuma ya zizi. Kutoka hapa nitamwelekeza Mama Pétronille kwa simu, achape amri moja ndogo kwenye seva. Sijawahi kuijaribu, lakini nina hakika nayo kabisa.